Fimbo Nyuma ya Mlango

Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ya kila siku ni kuwasahihisha wengine. Leo naomba niwaeleze jinsi nilivyosahihishwa mimi mwenyewe katika habari ya fimbo.

Hapa kwetu Sola, katika mkoa wa Simiyu, udongo wa mbugani ni mweusi. Wakati wa mvua hunata miguuni kama ulimbo, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Katika ardhi ya namna hii kijana mwenye nguvu hujikwaa, sembuse mzee. Mama yangu, ambaye kwa desturi yetu Wasukuma namwita Mayu, alianza kupepesuka miaka michache iliyopita, kwa kuwa goti lake la kushoto lilidhoofika. Nyumbani alishika ukuta, na njiani alishika bega la mjukuu wake.

Nikaona ni wajibu wangu kumsaidia. Nilikwenda Bariadi, nikamnunulia fimbo nzuri iliyotiwa nakshi, kichwa chake kinang'aa. Niliichagua kwa kuishika mimi mwenyewe, nikajiona nimesimama nayo kama mzee wa baraza. Mayu aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru sana. Lakini baada ya juma moja niliikuta imesimama nyuma ya mlango, naye yuko uwanjani ameshika bega la mtoto kama kwanza. Nilipomwuliza, alijibu, "Nitaizoea, baba."

Nikasema moyoni, Mayu anaona haya. Hataki kuitwa kikongwe. Basi nikamhubiria. Nilimkumbusha kwamba nabii Zekaria, alipoeleza siku za amani ya Yerusalemu, aliwataja wazee, wanaume kwa wanawake, wakikaa njiani na fimbo zao mikononi kwa kuwa wameishi siku nyingi. Hivyo fimbo ni dalili ya baraka, wala si aibu. Alinisikiliza kwa adabu, na fimbo ikabaki palepale.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, Mayu aliteleza penye kizingiti cha jiko, akaangukia mkono wa kushoto. Mfupa ulivunjika karibu na kifundo.

Tulimpeleka hospitali, mkono ukafungwa. Kisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwomba asimame, akaniuliza, "Ana fimbo?" Nikajibu upesi, kama mtu asiye na kosa, "Anayo, ila haitaki." Akaagiza iletwe. Kesho yake aliisimamisha kando ya Mayu, na kichwa chake kikafika mbavuni. Akamwuliza kwa upole, "Mama, fimbo hii inakufanyaje?" Mayu akainamisha uso, akasema, "Inaniinua bega, hata usiku silali kwa maumivu. Lakini mwanangu aliinunua kwa fedha yake. Ningemwambiaje?"

Neno lile lilinichoma. Nilidhani anaona haya kwa ajili ya uzee wake, kumbe alikuwa akinisitiri mimi. Wahenga walisema, hawi Musa kwa kushika fimbo. Nami naongeza kwamba hapati msaada mtu kwa kupewa fimbo tu.

Haya ndiyo tuliyofundishwa siku ile. Kwanza ni kipimo. Mtu asimame wima, amevaa viatu avaavyo siku zote, mikono ikining'inia. Kichwa cha fimbo kiwe sawa na kifundo cha mkono, ili aishikapo kiwiko kipinde kidogo. Fimbo ndefu huinua bega; iliyo fupi huinamisha mgongo.

Pili ni mkono wa kuishikia. Wengi hushika fimbo upande wa mguu mgonjwa, na Mayu alifanya vivyo hivyo. Yafaa ishikwe upande wa mguu mzima, iende mbele pamoja na mguu mgonjwa, ili uzito wa mwili ugawanyike. Mtu apandapo ngazi, mguu mzima hutangulia. Ashukapo, fimbo na mguu mgonjwa hutangulia.

Tatu ni ncha. Mti mtupu huteleza juu ya saruji na juu ya jiwe lenye maji. Kwa hiyo huvikwa mpira, nao ukichakaa hubadilishwa.

Na mwenye kutumia magongo ya kwapani asiyaegemee kwa kwapa. Iachwe nafasi ya vidole viwili au vitatu, na uzito uchukuliwe na viganja, kwa maana kwapa likikandamizwa mishipa ya fahamu huumia, hata mkono ukafa ganzi. Kiegemeo cha miguu minne humfaa sana apepesukaye mno, lakini hutaka mahali palipo sawa; katika tope letu huzama.

Msidhani kuanguka ni jambo dogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio wengi kupita wote ni wazee wenye miaka zaidi ya sitini. Tena fimbo haiponyi kila kitu. Ashikwaye na kizunguzungu, au ambaye macho yake yamefifia, na aonwe na mganga. Na nyumbani tuondoe kamba, mawe na vyombo vilivyotapakaa njiani.

Tuliporudi, nilikata fimbo kwa msumeno upande wa chini, na nakshi ikabaki. Fundi wa katambuga akaivika ncha kwa kipande cha tairi kuukuu. Mayu akaishika kwa mkono wa kulia, akazunguka uwanja mara moja, kisha mara ya pili, bila kumwita mtu.

Sasa huenda kanisani peke yake, polepole. Na yule mjukuu, ambaye katika daftari langu la mahudhurio nilimwandika mchelewaji siku nyingi, nami sikumwuliza sababu, sasa huwahi shuleni. Kila asubuhi alikuwa akimwazima bibi yake bega.

Ndugu msomaji, ukiwa na mzazi apepesukaye, mpime kabla ya kununua. Na ukiikuta zawadi yako nyuma ya mlango, usimhubirie. Keti karibu naye, umwulize inamwuma wapi.