Mtoto Kunyamaza Si Kupona

Katika lugha ya Kiswahili neno ulezi lina maana mbili. Ulezi ni nafaka ile ndogo tuliyorithi kwa babu zetu hapa Tarime na Serengeti. Tena ulezi ni kazi ya kumtunza mtoto. Ulezi wa kwanza twaujua sana: twajua wakati wa kupanda na wakati wa kupalilia, na namna ya kuwafukuza ndege. Juu ya ulezi wa pili nimeona yafaa tuzungumze kidogo, hasa habari za watoto wachanga na wale waanzao kutambaa na kutembea, maana hao hawawezi kujieleza wala hawajui kujikinga.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nimefundisha miaka mingi katika vijiji vya pande hizi, katika milima ya Tarime na katika nchi ya tambarare karibu na Mugumu. Kazi niliyopewa ni kufundisha watoto wakubwa. Walakini mtoto mchanga naye huja shuleni, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa dada yake. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kutazama jinsi tunavyowabembeleza watoto wetu, na mengi niliyoyaona ni mema, na mengine ni ya hatari.

Wazee husema, Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii ni ya kweli, lakini watu wengine huitumia mahali pasipo pake. Imesemwa kwa ajili ya mtoto mwenye akili, akatazwaye jambo baya akalia ili aachiwe. Mtoto wa miezi mitatu hana hila hiyo. Kilio chake ndicho lugha yake, hana nyingine. Akilia husema, nina njaa, au nimelowa, au naona baridi, au siafu ameniuma, au niko peke yangu naogopa. Anayeitikia upesi hamharibu mtoto, bali amjibu kama tumjibuvyo mtu yeyote atuitaye.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu, tena si mbali na kwetu. Mwaka 1954 na 1955 mama mmoja mwenye elimu, jina lake Mary Ainsworth, alizitembelea nyumba za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama mama na watoto wao wachanga. Aliyoyaona aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Aliona kwamba watoto ambao mama zao waliwaangalia sana na kuzifahamu dalili zao walikuwa watulivu, hawakulialia ovyo, wakawa na ujasiri wa kutambaa mbali kidogo na kurudi. Katika miaka ya 1970 Robert LeVine na wenzake waliwachunguza jirani zetu Wagusii wa Kenya, ambao lugha yao ni ndugu ya Kikuria. Waliona kwamba watoto wachanga wa Kigusii, ambao hubebwa sana na kutulizwa upesi, walilia kidogo kuliko watoto wa mji wa Boston huko Marekani. Basi, ndugu zangu, mgongo na kifua cha mama si ushamba. Ni urithi wa thamani.

Tena kifua chaweza kuokoa uhai. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, juu ya watoto waliozaliwa wadogo mno, wenye kilo 1 hata karibu kilo 1.8. Waliowekwa kifuani ngozi kwa ngozi mara baada ya kuzaliwa, katika kila 100 walikufa 12 kabla ya kutimiza siku 28. Wale waliongojea kwanza mpaka hali zao zitulie, walikufa karibu 16.

Hata hivyo yatupasa kujua tofauti ya kumtuliza mtoto na kumnyamazisha tu. Nitawasimulia jambo moja. Mwaka 2017, wakati wa palizi, msichana wa darasa la tatu, mwenye miaka tisa, alikuja shuleni na mdogo wake wa miezi minane mgongoni, kwa kuwa mama yuko shambani na bibi ni mgonjwa. Asubuhi yule mdogo alilia sana, hata masomo yakawa magumu. Dada yake akatoka naye nje, akamtembeza chini ya miti na kumwimbia. Ilipopata saa nne mtoto akanyamaza, na wenzake wakamsifu yule dada kuwa ni mlezi hodari.

Mwalimu mwenzangu wa kike hakuridhika. Aliifungua ile kanga, akaona mtoto anapumua upesi upesi, na kila avutapo pumzi pale chini ya mbavu panabonyea ndani. Alipoitwa jina hakugeuza hata macho. Tukatuma watu wamwite mama yake, tukatafuta pikipiki, wakaenda kwa mganga siku ile ile. Ilikuwa homa ya mapafu. Kwa neema alitibiwa akapona. Yule dada alilia mchana kutwa, akituuliza kama yeye ndiye aliyemwumiza mdogo wake. Tulimwambia, Hapana, binti yangu, wewe ulimbeba vema. Ila kazi hii ilikuwa kubwa kuliko umri wako. Mganga alituambia neno ambalo sijalisahau: mtoto aliyezidiwa sana hana nguvu za kulia.

Kwa hiyo mtoto akinyamaza ghafula, tusifurahi mara moja, bali tumtazame. Akikataa kunyonya, au akitapika kila kitu, au akishikwa na degedege, au akipumua kwa shida, au akilegea asiamke vizuri, hapo si saa ya kubembeleza, ni saa ya kwenda zahanati. Na mtoto wa chini ya miezi miwili akipata homa, asingojewe hata usiku mmoja.

Liko pia jambo la kuhuzunisha. Tangu miaka ya 1980 imeenea katika nchi yetu imani ya kuwa mtoto mwenye homa, kuhara na kilio kingi ana meno ya plastiki, na ya kuwa yasipotolewa atakufa. Hapo huitwa mtu mwenye kisu au njiti ya baiskeli, akachimba ufizi wa mtoto bila dawa ya ganzi, akatoa vitu vyeupe na kuwaonyesha wazazi. Vitu vile si ugonjwa. Ni meno yake halisi ambayo bado hayajaota. Wengine hukata kimeo kwa sababu kama hizo. Ndipo mtoto hunyamaza, lakini hunyamaza kwa kuishiwa nguvu, naye amepata jeraha liwezalo kuingiza pepopunda na magonjwa mengine katika damu. Na ile malaria au lile tumbo la kuhara lililomliza tangu mwanzo liko pale pale, halijatibiwa. Mwenye kuhara ahitaji maji ya dawa ya chumvi na sukari yatolewayo zahanati. Mwenye homa ahitaji kupimwa damu.

Tena mtu asimtikise mtoto kwa hasira. Kichwa cha mchanga ni kizito, na shingo yake haina nguvu; akitikiswa ubongo hugonga ndani na kuvuja damu. Najua ya kuwa kilio cha usiku kucha humchosha hata mama mpole. Ukiona hasira imekupanda, mlaze mtoto chali mahali salama, toka mlangoni uvute pumzi, mwite mumeo au jirani akupokee. Kuomba msaada si aibu. Na ninyi akina baba, kumbeba mwanao hakumpunguzii mtu heshima yake.

Juu ya usalama wa nyumbani nitasema kwa ufupi. Kwanza, kabla ya kutimiza miezi sita mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, asipewe maji wala uji. Na asali asilambishwe kabla ya mwaka mmoja. Pili, alale ndani ya chandarua chenye dawa, wala nguo nzito zisimfunike uso. Tatu, mafiga yazungushiwe kizuizi, au jiko liinuliwe juu, maana aanzaye kutambaa hufuata mwanga. Akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, msimpake udongo wala mafuta. Nne, kisima kifunikwe, na ndoo ya maji isiachwe wazi, kwa kuwa hata maji ya ndoo humwua mtoto. Tano, mafuta ya taa na dawa ya kuogeshea ng'ombe visitiwe katika chupa za soda. Sita, karanga nzima si chakula cha mtoto wa miaka miwili, humkaba kooni.

Nimalizie na habari ya walezi wadogo. Zamani msichana wa miaka saba au minane alikaa nyumbani na mdogo wake, na bibi au shangazi walikuwa karibu wakimwangalia. Siku hizi watoto wengi huenda shule, hasa tangu ada ya shule za msingi ilipoondolewa mwaka 2001, nalo ni jambo jema sana. Lakini mama bado hana budi kulima, na mtoto mchanga bado ahitaji mgongo. Tukimwachia msichana mdogo kazi hiyo peke yake, twawaponza wawili: mmoja hukosa masomo, na mwingine hukosa mlinzi mwenye akili pevu.

Desemba 2021 Serikali ilizindua mpango wa taifa wa malezi na makuzi ya watoto wadogo, na vituo vya kulelea watoto mchana ni sehemu ya mambo yaliyohimizwa. Lakini kijiji hakina haja ya kungojea jengo. Katika kitongoji kimoja nilichofundisha, akina mama kumi walipatana wakati wa palizi: kila siku wawili hubaki na watoto wote chini ya mti mmoja, wenye ua wa miiba na maji safi, na wanane huenda shambani. Shamba la wale wawili hulimwa na wenzao. Msimu ule yule msichana wa darasa la tatu alikaa darasani hata mwisho wa mwaka bila mzigo mgongoni.

Ulezi wa shambani ukiharibika, twaweza kupanda tena mwaka ujao. Mtoto hana mwaka wa pili wa kuwa mchanga. Basi ninyi mlio na nguvu za kulima na kufuga, patanini kabla ya palizi ijayo, mjue ni nani atakayebaki na watoto.