Safari ya Gitega na lebo mia tano

Mwezi huu nimeombwa niwaelezee kazi yangu, maana wengi wananiona asubuhi na karatasi kwapani wanafikiri mimi ni mwalimu. Hapana. Mimi nachora. Nachora vibao vya saluni, kadi za ndoa, afishi za mikutano, maandishi ya fulana. Sina bosi wala ofisi. Mtu akinihitaji ananitafuta, tunapatana bei, nafanya, ananilipa. Siku nyingine hanilipi. Wateja wa kwanza walikuwa hapa hapa Gasorwe, wakafuata wa Muyinga mjini, halafu Ngozi, na mwisho Gitega. Hiyo ya Gitega ndiyo nataka kuwasimulia.

Kuna akina mama, wengine wakimbizi wengine wenyeji, wanatengeneza sabuni pamoja. Walipata duka Gitega la kuwapokelea, lakini mwenye duka akasema hawezi kuweka mezani kitu kisicho na jina. Mama mmoja akaja kwangu: «Papa, utufanyie lebo mia tano. Lakini hizi faranga ni za likirimba, usituchezee.» Nikamwambia, mama, uko na amani.

Lebo niliichora kwanza kwa mkono, kisha nikaiingiza kwenye kompyuta ya sekretaria moja ya Muyinga, yale maduka ya kupiga barua na kutoa fotokopi. Unalipa kwa saa, kwa hiyo unachora haraka. Baadaye nikaomba karatasi ya kutoka kambini, bila hiyo huendi mbali, nikashika njia.

Muyinga unasikia Kiswahili sokoni bila kukitafuta, kwa sababu mpaka wa Kobero na Tanzania hauko mbali na wafanyabiashara wanapita kila siku. Kutoka hapo barabara inaelekea Karuzi. Tulikuwa tumebanana ndani ya Probox, mimi na flashi ndani ya soksi. Ni vilima juu ya vilima, ndizi, kahawa, mikaratusi, watu wa baiskeli wamejishikiza nyuma ya malori. Tangu mafuta yalipoanza kusumbua nchi hii miaka hii ya nyuma, dereva hakuambii saa ya kufika. Mnavuka mto Ruvubu, maji yale yale yanayoingia Kagera, yanapita ziwa Victoria na kuishia Misri, halafu mnapanda Gitega.

Gitega ni mji mkuu wa siasa tangu 2019, biashara kubwa ikabaki Bujumbura. Mimi mji naujua kwa vibao vyake. Na wakati ule kazi ya vibao ilikuwa inatafutwa sana, kwa sababu mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi iligeuzwa kuwa 5. Gitega ilibaki na jina lake. Sisi wa Muyinga tukaingia mkoa mpya wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Fikirieni: mihuri, vichwa vya barua, vibao vya maofisi, vyote vya kubadilisha jina. Wanasiasa wanaandika sheria, sisi wachoraji tunanunua rangi.

Nilikuwa na saa mbili za kungojea, nikaenda kuona Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa 1955. Si makubwa, lakini kuna ngoma za wafalme, picha za zamani, na vikapu vyenye mistari ya zigizaga ambayo mkono wa mwanamke uliihesabu bila rula. Ile zigizaga niliinakili kwenye daftari. Nikamkumbuka pia Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi, ambaye wazee waliotoka Katanga huenda wanamjua. Aliuza picha zake kwa kutembea nyumba kwa nyumba. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya Zaire kwa picha kama mia moja, akamwelezea kila moja kwa Kiswahili cha Katanga mtaalamu mmoja, Johannes Fabian. Leo picha hizo ziko Amsterdam, na yeye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 haijulikani aliishia wapi. Alikuwa mtu wa kutafuta wateja kwa miguu kama siye.

Basi nikafika kwa imprimeri. Kijana wa pale akafungua faili, akatazama, akaniuliza: «Yaya, umeacha nafasi ya kisu?» Nikajibu ndiyo. Ukweli ni kwamba sikujua anasema nini, nikaona haya.

Sasa najua, na vijana mnaotaka kazi hii mnisikilize hapa. Karatasi moja kubwa inabeba lebo nyingi. Zikishatoka zinapangwa rundo, kisu kikubwa kinashuka mara moja, na rundo linasogea kidogo. Kwa hiyo rangi ya nyuma unaipitisha nje ya mstari wa kukata milimita tatu, na maandishi unayavuta ndani, mbali na ukingo. Tena skrini inaonyesha rangi kwa mwanga, mashini inachanganya wino wa namna nne tu: buluu, wekundu wa waridi, njano na nyeusi. Kijani changu kilichong'aa Muyinga kilitoka Gitega kama jani la juzi.

Kijani nilikivumilia. Lakini nilipofungua paketi ndani ya gari, tayari tumeshapita Karuzi, nikaona namba ya simu. Burundi namba ni nane. Kwenye lebo zilibaki saba. Kisu kilikula ya mwisho, lebo zote mia tano.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikawapelekea akina mama, nikasema kosa ni langu, kijana aliniuliza nami nikamdanganya. Hakuna aliyepiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Yule mama wa likirimba akahesabu lebo kimya mpaka mwisho. Kisha akatuma mtoto dukani kununua biki.

Tulikaa chini siku mbili, akina mama, watoto wao na mimi, tukiandika 4 ndogo pembeni ya kila lebo. Malipo yangu sikuyachukua. Sabuni zilienda Gitega, zikauzwa, na mzigo wa pili wa lebo wamenipa mimi tena. Safari hii niliacha milimita tano, nikazungusha ile zigizaga ya vikapu.

Ila mtoto mmoja aliandika 4 yake kama 9, kwenye lebo kama ishirini hivi. Mwenye hiyo namba, huko aliko, amekwisha kupigiwa simu mara tatu kuulizwa bei ya sabuni. Nasikia mara ya tatu aliuliza na yeye zinauzwa wapi.