Nyumba Isiyo na Vitanda

Tulipoagana na wenzetu wa kanisa pale Bukoba, mmoja alituuliza, "Mnasafiri mwendo wote huo kwenda kuwaangalia watu wanaokufa?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa watano, wauguzi wawili na akina mama watatu wa kamati ya wagonjwa. Basi liliondoka alfajiri, tukavuka mpaka pale Mutukula na kushika njia ya Masaka.

Njiani mama mmoja kati yetu alianza kusimulia habari za marehemu mama mkwe wake. Alikuwa na kansa. Hospitalini waliambiwa, "Mpelekeni nyumbani, hakuna la kufanya tena." Akamwuguza miezi miwili peke yake. Usiku mgonjwa alilia kwa maumivu, na mchana majirani hawakuingia kwa sababu ya harufu ya kidonda. Sisi wauguzi tulitazama migomba dirishani, maana maneno hayo nasi tumeyasema mara nyingi, kwa upole, kisha tukafunga faili.

Tulikuwa tunakwenda Makindye, kilima kilicho upande wa kusini wa jiji la Kampala, kwenye makao ya Hospice Africa Uganda. Tulitazamia kuona wodi ndefu yenye mapazia. Tulikuta ofisi, kliniki, chumba cha dawa, na bustani ambamo wageni hupumzika. Tukauliza vitanda viko wapi. Mwenyeji wetu akacheka: "Vitanda viko majumbani kwa wagonjwa. Sisi ndio tunaovifuata."

Kazi hii ilianzishwa mwaka 1993 na daktari Mwingereza, Anne Merriman, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi Nairobi. Alianzia katika nyumba ndogo ya kuazima huko Nsambya. Lakini shina lake liko London, ambako Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's mwaka 1967. Yeye alifundisha kwamba anayekaribia kufa haumwi mwili tu. Moyo wake unauma, familia yake inauma, na roho yake pia.

Katika chumba cha dawa tulionyeshwa morfini ya maji. Ni unga unaochanganywa na maji na dawa ya kuzuia isiharibike, kisha hutiwa rangi ili watu wasichanganye nguvu zake. Ya kijani ndiyo nyepesi. Mgonjwa hunywa kipimo chake kila baada ya saa nne, hata akiwa kwake kijijini, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Wengi wetu tulifundishwa kuiogopa morfini kama ulevi. Mgonjwa anayeitumia kwa maumivu, kwa kipimo na chini ya uangalizi, halewi. Anapata usingizi na anaweza kuzungumza na wanawe. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliosomea huduma hii kuiandika.

Kesho yake tulipanda gari la hospisi kwenda kumwona mama mwenye kansa ya titi. Tulijiandaa kwa harufu tunayoijua. Hatukuisikia. Jirani alikuwa amekaa mkekani, karibu kabisa na kitanda, akimenya matoke na kupiga soga. Muuguzi alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akasaga vidonge vya metronidazoli, akanyunyiza ule unga juu yake. Ndiyo siri yote.

Mwenzetu alitoka nje, akasimama penye migomba, akalia. "Kumbe ni kidonge tu," alisema. Hatukuwa na la kumjibu. Vidonge hivyo vilikuwa kabatini mwetu miaka yote.

Yule mgonjwa hakutuomba tumwombee kupona. Mwenyeji wetu akitutafsiria, aliomba watu wa nyumbani waitwe, apate kusikia ni nani atakayemlea binti yake. Wifi yake akajitolea mbele ya wote. Kisha mgonjwa akaomba wimbo, tukaimba kila mtu kwa lugha yake. Tuliliona tumaini pale: mtu kujua kwamba hataachwa, wala mtoto wake hataachwa.

Akina mama wenzetu, hapa kwetu pia huduma hii ipo, nayo huitwa tiba shufaa. Kama kuna mgonjwa wa namna hiyo nyumbani kwako, mwulize daktari kuhusu dawa ya maumivu, tena uulize bila aibu. Mwulize muuguzi habari za kidonda na harufu yake. Na kama mgonjwa ni wa jirani, ingia. Chukua ndoo ya maji, fua mashuka, kaa na mgonjwa ili mke wa nyumba alale saa mbili. Yesu alipowataja waliomtazama alipokuwa mgonjwa, hakusema walimponya.

Sasa kamati yetu ina zamu. Wa kwanza kuandika jina lake alikuwa yule mama aliyelia penye migomba. Nasi wauguzi, tangu tuvuke Mutukula kurudi nyumbani, hatujasema tena kwamba hakuna la kufanya.