Mfanyabiashara Katika Kiti cha Utawala

Msomaji wangu, watu wengi husema kwamba aliyefaulu katika biashara atafaulu pia katika utawala, kwa kuwa amezoea hesabu. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Mimi nilijifunza upungufu wake Kangeta, kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Maua, ambako biashara kubwa ni miraa.

Miraa haimsubiri mtu. Ikichumwa hufungwa vitita, huvikwa majani ya migomba isinyauke, kisha hupakiwa garini na kukimbizwa Nairobi, maana baada ya siku mbili tatu haina thamani. Kwa hiyo mchuuzi wa Kangeta sharti awe mwepesi wa kuamua na jasiri wa kuthubutu. Katika ujana wangu nilikuwa na sifa hizo, na majirani wakanichagua niwe mweka hazina wa mchango wa kujenga darasa. Siku moja bei ya miraa ilishuka mashambani. Nikatwaa fedha za mchango, nikanunua mzigo, nikikusudia kuzirudisha kesho yake pamoja na faida. Gari likaharibika njiani, mzigo ukanyauka. Nililipa deni lile kwa miezi minane, na muda huo wote watoto walisomea chini ya mti.

Zingatia, msomaji, kwamba sikukusudia kuiba. Nilitenda jambo ambalo kila mfanyabiashara husifiwa kwa kulitenda, ila nililitenda kwa mali isiyokuwa yangu.

Tangu siku hiyo, kila nisikiapo habari za mfanyabiashara aliyekabidhiwa utawala, hutega sikio. Habari iliyonivuta kuliko zote ni ya Moïse Katumbi wa Kongo. Alizaliwa mwaka 1964 huko Kashobwe, karibu na ziwa Mweru. Mama yake ni Mkongo. Baba yake, Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rhodes, alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Kijana naye akaishika kazi hiyo, akawa analiuzia samaki Gécamines, shirika la serikali la migodi. Mwaka 1997 akaanzisha kampuni ya kazi za migodini iitwayo MCK, na mwaka huo huo akawa rais wa klabu ya mpira ya TP Mazembe, mjini Lubumbashi.

Mwaka 2007 alichaguliwa kuwa gavana wa Katanga, jimbo lenye shaba na kobalti, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani. Alitawala kama mtu ajuaye thamani ya bidhaa: alizuia madini ghafi yasipelekwe nje kabla ya kusafishwa, ili kazi na kodi zibaki nyumbani. Mazembe nao wakatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010. Watu wengi walimpenda.

Hata hivyo, kampuni aliyoianzisha ilikuwa ikifanya kazi katika migodi ya jimbo lile lile. Simtuhumu kwa lolote. Nasema tu kwamba mwenye duka akiwa ndiye pia mlinzi wa soko, hata akiwa mwema, jirani hataacha kuuliza. Mwaka 2015 kampuni iliuzwa, naye akajiuzulu na kuachana na chama cha Rais Kabila. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo, hali yuko nje ya nchi, katika kesi ya nyumba. Yeye na wafuasi wake walisema ni kesi ya siasa. Mwaka 2019 hukumu ikatenguliwa, akarudi kwao. Tazama jinsi biashara na utawala vikishafungwa kitita kimoja ilivyo vigumu kuvifungua.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba mwenye mali mbili anahitaji madaftari mawili. Huenda wewe hutakuwa gavana. Lakini yamkini mwaka huu utashika fedha za chama cha wanafunzi au za safari ya darasa. Ujasiri wako uutumie kwa shilingi yako. Shilingi ya watu ichukue kwa woga, uihesabu mbele yao, na uirudishe kabla hawajaiuliza.