Chumba Kidogo, Fedha Kidogo, na Sauti Inayosikika

Msomaji mpenzi, msimu wa karafuu ukiisha hapa Konde, huwaona vijana wakishuka garini na maboksi makubwa vichwani. Ukiwauliza wamebeba nini, watakujibu, "Sabufa." Sina ugomvi na sabufa. Furaha ya nyumbani ni jambo jema, na muziki ni sehemu ya furaha hiyo. Lakini wengi wetu tunaishi katika vyumba vidogo, mifuko yetu si mizito, na ukuta wetu ndio ukuta wa jirani. Kwa hiyo leo napenda tuzungumze juu ya kuchagua spika ndogo zinazokifaa chumba na fedha tuliyo nayo.

Mimi ni fundi cherehani, si fundi wa redio. Lakini kazi yangu imenifundisha jambo moja: mtu hupimwa kabla kitambaa hakijakatwa. Na spika ni vivyo hivyo. Pima chumba kwanza, kisha uwatazame wale watakaokaa ndani yake.

Nani atasikiliza?

Nyumbani kwetu msikilizaji mkubwa ni mama yangu. Umri wake umepita miaka 70, na tangu ujana wake redio imekuwa rafiki yake: taarifa ya habari, taarabu za zamani, na hasa matangazo ya vifo. Ninyi mnaokaa Unguja na Pemba mnajua uzito wa matangazo hayo. Jina likitajwa, watu huacha kazi wakaenda kuzika.

Siku moja likatajwa jina la rafiki yake wa utotoni, mtu wa Micheweni. Redio ilikuwa wazi, na mama alikuwa amekaa chumbani humo humo. Alisikia kwamba kuna tangazo, lakini jina hakulishika. Habari alikuja kuipata siku ya tatu, mazishi yamekwisha. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Mwanangu, sikilizeni nyie. Mimi nasikia wananguruma." Tangu hapo saa ya habari ikifika, yeye hutoka akakaa barazani peke yake.

Vijana nyumbani waliona dawa ni kuongeza sauti. Wakaongeza. Mama hakufahamu neno hata moja zaidi, lakini jirani yetu, ambaye mkewe alikuwa amejifungua karibuni, alikuja akabisha hodi kwa adabu: "Jirani, samahani, mtoto halali." Nyumba zetu hazina dari, na kuta za vyumba hazifiki kwenye bati. Sauti hupita juu kama moshi.

Basi nilikuwa na shilingi laki mbili za kushona sare za shule, na kazi ya kufanya nazo: mama afahamu maneno, na mtoto wa jirani alale. Huenda ukadhani mambo hayo mawili yanapingana. Hayapingani hata kidogo, nami nitakueleza sababu.

Maneno hukaa wapi katika sauti

Sauti ya binadamu ina sehemu nzito na sehemu nyembamba. Sehemu nzito ndiyo inayotuambia kwamba mtu anasema, na kwamba ni mwanamume au mwanamke. Lakini maneno yenyewe tunayatofautisha kwa sehemu nyembamba. Tamka "fika", kisha "shika", kisha "zika". Tofauti yake ni pumzi ndogo tu mwanzoni mwa neno. Ipoteze pumzi hiyo, na maneno yote matatu yatakuwa kitu kimoja.

Sasa tazama: masikio ya wazee hupoteza kwanza sauti nyembamba. Tena iko sheria nyingine ya sikio: sauti nzito yenye nguvu huifunika ile nyembamba. Kwa hiyo mzee ukimwongezea besi, unamfunika yale maneno machache aliyobakiwa nayo. Ndiyo maana mama alisikia ngurumo.

Na jirani je? Ukuta wa tofali huzuia sauti nyembamba vizuri kiasi, lakini besi hupenya. Ukisimama nje ya nyumba yenye sabufa, hutasikia maneno ya wimbo; utasikia dundo tu. Basi kitu kile kile kinachomnyima mzee maneno ndicho kinachomnyima mtoto usingizi.

Besi si lazima ili wimbo upendwe. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri zake. Santuri za siku zile hazikuwa na besi ya chini ya kutajika, wala gramafoni za kuzichezea hazikuwa nayo. Hata hivyo mashairi yake yalifahamika pwani nzima.

Chumba nacho kina sauti yake

Chukua futi yako upime chumba. Chumba chetu ni futi 10 kwa 10, kama vyumba vingi. Sauti husafiri kadiri ya mita 348 kwa sekunde katika joto letu, na chumba cha urefu huo huvuma chenyewe penye mitetemo 57 kwa sekunde. Hapo ni katikati ya nchi ya besi. Chumba kikiwa mraba, urefu na upana huvuma pamoja mahali pamoja, na noti moja hiyo hujaa chumbani kupita zote. Kila wimbo unakuwa na dundo lile lile. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Na chumba cha mraba ni debe. Ukiweka sabufa pembeni ambapo kuta mbili zinakutana, umezidisha, kwa sababu pembe huikuza besi.

Kwa hiyo mwenye chumba kidogo asinunue besi ya chini sana. Atalipa fedha kwa kitu ambacho chumba kitakiharibu.

Sheria ya mambo matatu

Mmarekani mmoja, Josef Anton Hofmann, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH mwaka 1957, alieleza sheria ambayo mafundi huishika hata leo. Yako mambo matatu tunayoyataka: sanduku dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa umeme mdogo. Ukichagua mawili, la tatu huwezi kulipata. Dukani ukiambiwa kijisanduku hiki kina yote matatu, shukuru kwa adabu uende zako.

Mafundi wa BBC huko Uingereza walilijua jambo hili. Katika miaka ya 1970 walihitaji spika ya kuwekwa ndani ya gari la matangazo, mahali finyu kuliko chumba changu. Walitengeneza sanduku lenye kimo cha sentimita 30, upana wa 19 na kina cha 16 hivi, wakaliita LS3/5A. Waliiacha besi ya chini kwa hiari yao ili sauti ya msemaji isikike sawasawa. Mpaka leo watu huitafuta kwa bei ya juu. Mimi na wewe hatuiwezi, lakini busara yake twaweza kuifuata bure.

Usidanganywe na wati

Kibaya chajitembeza, kizuri chajiuza. Nimepata kuona boksi lililoandikwa wati 5000 kwa herufi kubwa, na kando yake herufi PMPO. Nililigeuza. Nyuma, kwenye bamba dogo la umeme, kifaa chote hutumia wati 40. Mtungi hautoi maji kuliko yaliyotiwa. Soma bamba la nyuma, na ukikuta herufi RMS, hiyo ndiyo hesabu ya kuaminiwa zaidi.

Tena wati nyingi huzihitaji. Spika ndogo ya kawaida hutoa desibeli 85 hivi kwa wati moja tu ukiwa umbali wa mita moja, na mazungumzo ya watu ni kama desibeli 60. Wati 15 au 20 za kweli zakitosha chumba cha futi 10 na kubaki.

Nilivyochagua

Niliandika jozi za maneno kwenye karatasi, kama yale ya "fika" na "shika", mke wangu akayasoma polepole, nikayarikodi kwenye simu. Kisha nikampakia mama garini tukaenda Chake Chake. Viatu hununuliwa kwa mguu wa atakayevaa. Spika nazo kwa sikio la atakayesikiliza.

Duka la kwanza muuzaji alisema, "Kaka, hii inatikisa nyumba." Nikamwambia nyumba yangu naipenda itulie. Tulicheza maneno yetu, mama amegeuzia spika mgongo, akawa anarudia anachosikia. Katika maneno 10 alipata manne. Duka la pili walikuwa na jozi ya spika ndogo zilizotumika, sanduku la mbao lenye kimo cha sentimita 30, koni ya inchi 5 kwa sauti nzito na nyingine ya inchi moja kwa sauti nyembamba. Sauti ikiwa chini kuliko ile ya kwanza, mama alipata nane. Muuzaji mwenyewe akashangaa.

Kabla ya kulipa nilikagua mambo haya, nawe uyakague. Tazama ukingo unaoishika koni: wa mpira hudumu, lakini wa sponji huoza upesi katika joto na unyevu wetu, ukiugusa unakatika kama mkate mkavu. Sukuma koni ndani taratibu kwa vidole, ikikwaruza, iache. Angalia mbao chini na nyuma, kama zimevimba kwa maji. Angalia skrubu, maana hewa ya chumvi hula chuma. Weka sikio karibu na koni ndogo ya kila spika uhakikishe inalia. Mwisho soma namba ya omu, 4 au 8, uhakikishe amplifaya yako inaikubali.

Spika zilikuwa shilingi 90,000, amplifaya ndogo 70,000, na waya 8,000. Ilibaki 32,000, nayo ikarudi kwenye kibubu. Sabufa ya duka la kwanza ilikuwa 180,000.

Mahali pa kuziweka

Kuna jambo lisilogharimu senti moja, nalo lina faida kuliko yote. Ukiupunguza kwa nusu umbali kati ya spika na sikio, sauti inayofika moja kwa moja huongezeka desibeli 6, sawa na kuzidisha wati mara nne. Basi usikae kule na spika huku. Zangu nimezitenga mita moja na nusu, na mama hukaa mbele yake umbali huo huo, zote zimemwelekea.

Sisi hukaa mkekani. Spika ikiwekwa juu ya kabati, sauti nyembamba hupita juu ya kichwa ikaishia ukutani. Iweke juu ya kigoda, ile koni ndogo ilingane na sikio la aliyeketi. Isogeze mbali na pembe, na uiache na nafasi ya shibri moja au mbili kutoka ukutani. Waya mwekundu uende penye nyekundu kwa spika zote mbili. Ukigeuza mmoja, sauti ya msemaji hupwaya kama inatoka pote na popote.

Chumba kikiwa kitupu, maneno hurudi kutoka ukutani na kukanyagana. Godoro husaidia, na pazia zito lenye mikunjo mingi husaidia. Langu nililishona kwa vipande vilivyobaki kazini. Mvua ikipiga bati, zima. Hakuna spika itakayoshindana nayo. Na radi ikianza, chomoa plagi.

Neno la mwisho juu ya wazee. Spika si dawa. Mzee akianza kuuliza "mmesemaje?" mara kwa mara, mpeleke kwanza hospitali akatazamwe masikio. Pengine ni nta tu, nayo hutolewa. Mama alitazamwa, nta haikuwapo, ni umri. Hapo ndipo spika zikapata kazi yake.

Siku hizi saa ya matangazo mama ndiye wa kwanza kuketi. Hasikii kila neno, na majina mengine bado huniuliza. Lakini juzi alinyanyuka katikati ya tangazo akatafuta buibui lake, sisi tulio wazima wa masikio tukiwa tunazungumza wala hatukusikia jina. "Inukeni," alisema, "ni mtu wetu wa Wete." Tukafika kabla ya maziko.

Basi, msomaji mpenzi, ukishika fedha yako kwenda dukani, usiulize ni spika ipi inayonguruma. Pima chumba, mkumbuke jirani, na uende na yule ambaye ni vigumu kwake kusikia. Akisikia yeye, nyumba yote imesikia.