Huyu Simjui

Kwetu Pangani mtoto anamjua bunju kabla hajajua kusoma. Hafundishwi kwa kanuni. Sijasikia mzee hata mmoja akisema mchemshe na kitunguu, kikigeuka rangi mtupe, kisipogeuka mle. Unaonyeshwa tu: huyu ndiye bunju, tazama tumbo linavyovimba, tazama meno. Kesho unaonyeshwa tena, na keshokutwa, mpaka siku unapomchomoa mwenyewe kwenye wavu uliojaa samaki. Elimu hiyo niliibeba hadi Mbozi mwaka 1983 bila kujua kwamba ndiyo nitakayoihitaji, maana cheti changu cha Chuo cha Misitu Olmotonyi kilisema mengine kabisa.

Nilikuwa bwana misitu. Wilaya ilikuwa pana mno siku hizo: ilianzia kwenye mibuni ya Mlowo na Vwawa, ikapita Tunduma mpakani, ikateremka hadi joto la Kamsamba kule karibu na Ziwa Rukwa. Yote ilikuwa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulikuja kuzaliwa 2016, mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nilikabidhiwa baiskeli, nyundo ya kugongea alama kwenye magogo na daftari la vibali. Miti niliijua. Mninga, mtundu, mkusu, ungenipa jani bichi gizani ningekutajia. Kilichoota chini ya miti hakikuwa kazi yangu.

Desemba ya kwanza mvua zikakolea, na kina mama wakajaa barabarani na mabeseni ya uyoga. Nilinunua fungu moja, jirani akanipikia na karanga, na tangu siku hiyo nikajiona mwenyeji. Wiki iliyofuata, nyuma ya ofisi, kwenye majani yaliyofyekwa, kukaota uyoga mweupe, mnene, wa kupendeza, umejipanga duara kama watoto wanaocheza. Nikauchuma wote. Nikaupika mwenyewe. Nikamkaribisha na mwenzangu wa idara nyingine, ambaye mpaka leo tukikutana hunisalimu kwa mbali. Hazikupita saa 3. Usiku ule choo cha shimo kilikuwa na foleni ya watu 2, na hakuna aliyekuwa na subira.

Aliyekuwa akituuzia maandazi ofisini ndiye aliyenipeleka kwa Bibi. Bibi alikuwa mama wa Kinyamwanga, makazi yake njia ya Ndalambo, mfupi, mwenye macho ya kucheka. Nilikuwa nimebeba uyoga mmoja uliobaki, umefungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekula wale wa nyuma ya ofisi?"

Akaupokea, akaupindua. Chini ya kofia ya uyoga kuna makunjo membamba yaliyosimama kama kurasa za kitabu. Uyoga wangu ulipokuwa mchanga makunjo hayo yalikuwa meupe. Sasa yalikuwa yameingia ukijani wa maji ya dimbwi. Hakuwa na haja ya kusema neno. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba wataalamu wanauita Chlorophyllum molybdites, kwamba unaota kwenye majani na viwanja vya nchi nyingi za joto, na kwamba huo ukijani ni rangi ya mbegu zake, ambazo ni vumbi laini kuliko unga.

"Hukumpindua," alisema Bibi. "Mtu akija kwako unamtazama kofia tu?"

Hapo ndipo nilipolisikia jambo ambalo limenikaa kichwani miaka 40. Bibi alikuwa anauweka uyoga kwenye ngeli ya watu. Huyu, yule, namjua, simjui. Nilidhani Kiswahili chake kimechanganyika na Kinyamwanga. Hapana. Alisema "mti huu" na "jiwe lile" kama kawaida. Ni uyoga tu aliokuwa akiuhesabu pamoja na binadamu, na kadiri nilivyozidi kutembea naye, niliona kwamba hakukosea.

Tulitoka naye msimu ule wote, na misimu mingi baadaye. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kupiga magoti. Kwenye shamba la mahindi, pembeni ya kichuguu kilichosawazishwa na jembe, alinionyesha uyoga wenye kofia ya kahawia iliyochongoka katikati. Akachimba taratibu kwa kijiti, udongo ukibomoka, na shina likawa haliishi: likawa jembamba, jeusi, likateremka urefu wa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, ndipo likakatika. "Ameshikwa mguu na mchwa," akasema. Na kweli ndivyo. Uyoga wa jamii ya Termitomyces unalimwa na mchwa. Wanatafuna miti mikavu, wanatengeneza kitu kama sega chini ya ardhi, uyoga unaota juu ya sega na kulainisha kile ambacho matumbo ya mchwa hayawezi, nao mchwa wanakula. Kilimo hicho kina umri wa mamilioni ya miaka. Sisi na majembe yetu ni wageni wa juzi. Mvua ikilowesha ardhi ndipo uyoga unapopenya kuja kutusalimu. Shina lile refu jeusi ndilo kitambulisho chake. Ukilichomoa likatoka fupi lenye mizizi ya majani, umekosea nyumba.

Tunduma sokoni majina ni ya Kibemba zaidi kuliko ya kwetu, kwa kuwa Nakonde ni ng'ambo tu ya geti na mabeseni yalikuwa yakivuka asubuhi kabla hata ya malori, zamani kabla ya kile kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa 2019. Humo niliona kwa mara ya kwanza ichikolowa, uyoga wa mchwa ambao kofia yake inaweza kufika upana wa mita 1. Mwanamke alikuwa ameubeba kichwani bila beseni, kama mwavuli, na mvua ilikuwa inanyesha kweli. Wasomi waliuandika kwa jina la Termitomyces titanicus mwaka 1980, kutoka Zambia. Miaka 3 tu kabla sijaripoti kazini! Vizazi vingapi vya Wabemba na Wanyamwanga vilikuwa vimeshashiba?

Sasa kuna uyoga uitwao tente, na hapa Bibi na vitabu walinigombanisha. Nilikuwa nimepata kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Ulaya, nacho kilikuwa na kanuni iliyopigiwa mstari: uyoga wenye pete shingoni na kikombe chini ya shina, usiuguse, hiyo ndiyo jamii ya Amanita inayoua. Tente una pete. Tente una kikombe. Ni Amanita, tena wa halali kabisa, na kwenye miombo ni chakula kinachogombaniwa. Kutoka Zambia wataalamu waliuita Amanita zambiana, kisha ukaonekana ndio uleule uliokuwa umeshaandikwa Kongo kwa jina la Amanita loosei. Tanzania nasi tuna wetu unaolika, Amanita tanzanica, uliopewa jina mwaka 1994. Kwa kanuni ya kijitabu changu, sufuria ya Bibi ingekuwa kaburi. Lakini ukigeuza upande wa pili, ukasema basi Amanita wa Afrika ni salama, utazika watu. Kanuni zote mbili ni za mtu asiyetaka kupiga magoti.

Nimezikusanya kanuni za namna hiyo, ninazo nyingi. Kijiko cha fedha kikiwa cheusi. Mchele ukibadilika rangi. Uyoga wenye funza ni salama, kwani funza hana wazimu. Hakuna hata moja iliyo kweli.

Machi moja, mwaka siutaji, niliitwa na mtendaji wa kijiji. Familia ilikula uyoga jioni. Usiku walilala vizuri, asubuhi wakaenda shamba. Mchana wake ndipo walipoanza kutapika na kuharisha. Walipelekwa kituo kimoja cha afya, wakadhaniwa wana kipindupindu, wakapewa maji ya chumvi na sukari. Siku ya 3 wakapata nafuu, wakaruhusiwa. Baba aliniambia kwamba siku hiyo walicheka. Siku iliyofuata macho ya mtoto wa kati yakawa manjano.

Nilifika amezikwa. Nilitakiwa niseme ni uyoga gani, na sikuweza, maana sufuria ilikuwa imeoshwa na maganda yalikuwa yameshafagiwa. Lakini mwendo wa ugonjwa ule nilikuja kuusoma, na unafanana na wa sumu ya amatoksini kama pacha na pacha: saa 6 hadi 24 za ukimya, tumbo, nafuu ya uongo, kisha ini. Moto hauiondoi. Kukausha hakuiondoi. Uyoga wangu wa nyuma ya ofisi ulinitapisha kabla sijalala, nami nikalaani. Kumbe ulikuwa na huruma. Anayechelewa ndiye wa kuogopwa. Na hata anayewahi, nenda hospitali, kwa sababu sufuria moja inaweza kubeba wawili.

Tangu hapo, kila mkutano wa kijiji, baada ya habari za moto na mkaa, niliongeza langu ambalo wilayani hawakunituma: ukichuma uyoga, bakiza mmoja mzima na shina lake lote, ufunge kwenye karatasi, uweke hadi keshokutwa. Karatasi, si rambo. Kwenye rambo uyoga unatoka jasho na kuoza saa chache, na wengi walioumwa matumbo waliumizwa na uozo huo. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019 nilikuwa nimeshastaafu, ila nilifurahi kwa sababu zangu.

Nina lawama moja kwa kazi yangu, nayo ni ya fomu. Nilijaza fomu za mbao kwa mita za ujazo, fomu za mkaa kwa magunia, fomu za asali. Uyoga haukuwa na safu. Bibi alinipeleka siku moja mahali palipokatwa mkaa kwa kibali nilichosaini mwenyewe. Alisimama kwenye visiki akaniuliza: "Wale wa manjano wako wapi?" Alimaanisha Cantharellus, uyoga wa rangi ya kiini cha yai, ambao makunjo yake yanateremka hadi kwenye shina na harufu yake ni ya tunda. Huo haulimwi na mchwa. Umefungamana na mizizi ya mitundu iliyo hai: nyuzi zake zinaupelekea mti maji na madini, mti unaulipa kwa sukari. Mti ukikatwa, mkataba umekufa. Uyoga wa mchwa utaendelea kuota katikati ya mahindi. Wa manjano hautarudi mpaka msitu urudi. Nilikuwa nimesaini magunia, sikujua nimesaini na mboga za watu.

Miaka ya mwisho kazini nilipenda zaidi Jumamosi. Tulitoka na wanafunzi wa klabu za Malihai, watoto 20 au 30, mwalimu mmoja na mimi. Wakati mwingine tulianzia Ndolezi kwenye kimondo, maana bila kimondo wazazi hawakutoa ruhusa. Watoto walikipapasa kile chuma cha tani 16, wakamaliza kwa dakika 10. Chini ya miti tulikaa saa 3. Sheria ilikuwa moja: hakuna anayeonja. Nyani walitukemea, kwale walituruka miguuni wakatushtua, na mara 2 mlembe alitujia, akilia kama mtu anayetikisa kiberiti, akituita tumfuate kwenye asali. Huyo ndege si hadithi. Watafiti waliofanya kazi Niassa, Msumbiji, walitoa matokeo 2016: warina asali Wayao wakiita kwa mlio wao maalumu, uwezekano wa kuonyeshwa mzinga unapanda kutoka kama asilimia 17 hadi 54.

Safari moja tulimkuta kobe anakula uyoga mwekundu, mdomo umepakaa, hana habari nasi. Watoto wakapiga kelele: "Mwalimu, huyu salama! Kobe anakula!" Nilicheka, nikamfikiria funza asiye na wazimu. Kobe ana tumbo lake, konokono ana lake. Msichana mmoja alikaa kimya akachora uyoga ule upande wa chini, kunjo kwa kunjo, kabla kobe hajaumaliza.

Bibi macho yalimwishia kabla ya miguu. Januari moja, mimi nimeshastaafu, nilimpelekea kapu nililochuma peke yangu pembeni ya vichuguu, nikiwa na hakika na kila mmoja. Nilikuwa na kile kitabu kikubwa cha uyoga wa Tanzania cha Härkönen, Niemelä na Mwasumbi cha mwaka 2003, nilikuwa na lenzi, nilikuwa na miaka yangu yote. Alikaa kwenye mkeka, akatoa mmoja baada ya mwingine. Alipitisha kidole chini ya kofia, akashuka na shina hadi mwisho, akanusa, akaweka kushoto kwake. Mmoja, wa 9 au wa 10, aliurudia mara 2. Akauweka kulia, peke yake.

"Huyu simjui."

Nilimweleza kwamba niliuchuma hatua 2 tu kutoka kwa wenzake, kofia ileile, siku ileile. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakujibu.

Usiku nikaukata shina, nikaulaza kofia juu ya karatasi nyeupe, nikaufunika na glasi, kama nilivyozoea. Uyoga wa mchwa unaacha vumbi la rangi ya waridi, ingawa hata jamii nyingine zenye sumu huacha waridi vilevile. Asubuhi nikainua glasi. Waridi safi, mistari imenyooka, haina tofauti na ya wale tuliokula jana yake.

Niliutupa.