Nani alibeba maji?

Juma lililopita tulifundisha somo la jangwa katika darasa la sita. Ni somo gumu kwetu. Mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa, utamwelezaje kwamba kuna mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki ile inayonyesha hapa katika mwezi wa Aprili peke yake? Tukaacha ramani, tukawasimulia habari za Pella.

Pella ni mji mdogo wa Afrika Kusini, karibu na mto Orange; ukivuka mto uko Namibia. Wamisionari Waprotestanti waliotumwa na shirika la London walifungua misheni pale mwaka 1814, kwa ajili ya watu waliokimbia vita kutoka ng'ambo ya mto. Ndiyo maana wakaiita Pella, jina la mji wa ng'ambo ya Yordani ambako inasemekana Wakristo wa Yerusalemu walikimbilia zamani. Mwaka 1872 ukame ukawashinda, wakahama. Baadaye wakaja mapadri Wakatoliki. Chemchemi ilikuwepo, basi wakapanda mitende, na mpaka leo Pella inajulikana kwa tende zake. Watoto walishangaa: joto linapita digrii 40, na bado watu wanafuga mbuzi na kuvuna matunda matamu!

Tukafika kwenye kanisa. Padri Jean-Marie Simon, Mfaransa, na mwenzake hawakuwa mafundi wa kujenga. Walikuwa na ensaiklopedia tu. Wakasoma humo, wakajenga, na baada ya miaka saba, mwaka 1895, kanisa likakamilika. Hapo tukaanza kusifu kusoma. Ni mwalimu gani angeacha nafasi kama hiyo?

Msichana mmoja wa nyuma akanyosha kidole. "Mwalimu, na maji ya kukanda udongo, nani alikuwa anayabeba?"

Tulitazama kitabu. Kilitaja mapadri.

Jioni tulipita kwa nyanya yetu. Sisi wenyewe, pamoja na diploma yetu ya ISP, hatukuwahi kumuuliza kuhusu kanisa letu la hapa kilimani, ingawa parokia inaandaa kitabu cha jubilei na tulishasahihisha kurasa zake. Mna majina ya mapadri, bruda na fundi. Mama hakuna hata mmoja.

"Tulikuwa wasichana wadogo," nyanya akasema. "Kutoka tanuru mpaka juu, matofali mawili kichwani. Mwenye mimba, moja. Maji ilikuwa kazi ya alfajiri, kabla ya shamba."

Akatutajia wenzake. Tuliandika majina tisa. La kumi akanyamaza. Mama huyo alijifungulia pale pale kwenye tanuru, mtoto hakuishi, na kesho kutwa alirudi kubeba. Jina lake nyanya amelisahau. Usiku ule alituma mjukuu mara mbili kutuambia kwamba bado analitafuta.

Kurasa za kitabu zinaenda kuchapwa mwisho wa mwezi, na mwenye kukisimamia amekubali kutuachia ukurasa mmoja. Kama mama yako au nyanya yako alibeba, leta jina lake shuleni, saa sita tukitoka darasani. Hata kama ni jina la nyumbani tu. Na kama kwenu mnamjua yule wa tanuru, msingoje saa sita.